Pikipiki Kuukuu ya Mbio: Ninunue au Nisinunue?

(Hotuba iliyotolewa na mwanachama mmoja, fundi mitambo, katika mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani. Inachapishwa hapa kwa ombi la wanachama waliohudhuria.)



Najua kwamba wenzangu kadhaa walipoisoma ratiba na kuliona jina la hotuba yangu walicheka. Walitazamia kwamba mzee mwenye mvi angezungumza juu ya kiinua mgongo, au shinikizo la damu, au kilimo cha matikiti. Badala yake anapanda jukwaani kusema habari za pikipiki za mbio. Nawaombeni mnivumilie. Jambo lenyewe linahusu fedha, linahusu roho za watu, na linahusu namna ya kutumia akili kabla ya kufungua mfuko. Nadhani hayo yanafaa kuzungumzwa mbele ya darasa lo lote.

Nimefanya kazi ya ufundi mitambo kwa muda wa miaka 38, kwanza katika karakana ya kiwanda, na baadaye katika gereji yangu mwenyewe jijini Dar es Salaam. Katika miaka ya karibuni hakuna swali ninaloulizwa na vijana wa shule hii, waliomaliza na kuanza kupata mishahara, kuliko hili: "Mzee, nimeona pikipiki ya mbio ya zamani inauzwa. Je, niinunue?" Wengine huniuliza kwa simu, wengine hunishika mkono msibani. Basi nimeona bora nijibu mara moja, mbele ya wote.

Jibu langu si "ndiyo" wala si "hapana". Nitaeleza kwanza chombo hiki ni cha namna gani, kisha nitatoa mfano mmoja wa ukaguzi nilioufanya mwenyewe, na mwishoni nitasema ni nani anayeweza kununua na ni nani asubiri.

CHOMBO CHENYEWE

Pikipiki za mbio tunazozizungumzia zina historia yake. Mwaka 1984 kampuni ya Kawasaki ilitoa GPZ900R, yenye injini ya silinda nne inayopozwa kwa maji, na valvu 16. Mwaka 1985 Suzuki wakaleta GSX-R750, yenye fremu ya alumini, iliyoundwa kwa kufuata mfano wa pikipiki za uwanja wa mashindano. Mwaka 1987 Honda nao wakatoa CBR600F, ambayo injini na mwili wake vilifunikwa kwa makava ya plastiki kuanzia mbele hadi nyuma. Tangu wakati huo viwanda vya Japani vikawa vinashindana, kila baada ya miaka michache vikitoa aina nyingine iliyo nyepesi zaidi na yenye nguvu zaidi. Zile za miaka ya 1990 ndizo ambazo leo, kwa sababu ya umri wake, zinauzwa kwa bei ambayo kijana mwenye mshahara wa kawaida anaweza kuiwazia.

Sasa tulinganishe. Bodaboda ya cc 125 au 150, mnayoiona kila siku pale getini, injini yake hutoa nguvu ya farasi kumi hivi. Pikipiki ya mbio ya cc 600 iliyotengenezwa katikati ya miaka ya 1990 hutoa nguvu inayokaribia farasi 100. Yaani nguvu mara kumi, ilhali uzito wake haufiki mara mbili ya uzito wa bodaboda. Injini yake huzunguka zaidi ya mara 12,000 kwa dakika, na kasi yake hupita kilometa 220 kwa saa. Kwa gia ya kwanza peke yake hukiuka kikomo cha kilometa 50 kwa saa tulichowekewa na sheria katika maeneo ya makazi, na bado kuna gia nyingine tano hazijaguswa.

Lakini chombo hiki kiliundwa kwa ajili ya lami laini. Hendeli zake ziko chini, hivyo uzito wa dereva huangukia viganja vya mikono. Tumbo lake liko karibu na ardhi, na matuta yetu hulikwangua. Katika foleni ya jiji, saa nane mchana, injini hupanda joto, na feni hupuliza hewa ya moto juu ya mapaja ya dereva. Tena pikipiki nyingi za umri huo hazina ABS, yaani ule mtambo unaozuia gurudumu lisifunge dereva anapokamata breki kwa nguvu. Kila kitu humtegemea dereva na vidole vyake viwili.

Jambo la mwisho ni vipuri. Ukienda Kariakoo kutafuta kipuri cha bodaboda, utakipata duka la kwanza, na lisipokuwa nacho la kwanza litakuwa nacho la pili. Vipuri vya pikipiki ya mbio ya cc 600 aghalabu huagizwa kutoka nje, na mwenyewe husubiri. Bei ya kununulia inaweza kuwa ya kikuukuu, lakini bei ya cheni, matairi na pedi za breki ni ile ile ya chombo cha farasi 100. Tairi halina habari kwamba limefungwa kwenye pikipiki ya bei nafuu.

MFANO MMOJA WA UKAGUZI

Ndugu Mwenyekiti, sasa natoa mfano. Jina la kijana silitaji, ingawa ameniruhusu niieleze habari yake. Alisoma hapa, na marehemu baba yake alisoma hapa pia; tulikalia dawati moja. Miezi kadhaa iliyopita mama yake alinipigia simu akasema, "Shemeji, mtoto anataka kununua lile lipikipiki la kukimbia. Mkataze. Wewe ndiye baba yake aliyebaki." Siku tatu baadaye kijana mwenyewe akaja gerejini. Alinisalimu shikamoo, akakaa, akasema, "Baba mdogo, najua mama ameshakupigia. Sikuja unikataze, wala sikuja unibariki. Nimekuja unikagulie."

Maombi hayo mawili yalinipa kazi, maana yote mawili yalikuwa ya haki. Mama amekwisha mzika mume, na ye yote aliyewahi kumtembelea mgonjwa katika wodi ya mifupa ya hospitali zetu kubwa anajua kilichomtia hofu. Naye kijana ni mtu mzima, ana kazi, na fedha ni zake. Alikuwa ameweka akiba kwa miaka mitatu, ikafika shilingi 7,200,000. Pikipiki ilikuwa inauzwa shilingi 6,500,000. Kwa hesabu yake, fedha zilitosha na zilibaki.

Tulikwenda kuiona saa nne asubuhi. Ilikuwa inang'aa kweli kweli, nyekundu, imepigwa nta. Kabla sijaitazama nilipeleka kiganja changu karibu na injini, nikakuta ni ya moto. Muuzaji alisema alikuwa anaipasha kwa ajili yetu. Huenda alisema kweli. Lakini injini ya moto huficha mambo ambayo injini baridi huyatoboa, na kwa sababu hiyo nilimwomba turudi kesho yake saa kumi na mbili asubuhi, naye asiiguse mpaka tufike. Alikubali. Mtu akikataa ombi kama hilo, nyinyi vijana, geuzeni njia mwende zenu.

Kesho yake tulianza na karatasi. Namba ya fremu imegongwa kwenye shingo ya chombo, pale hendeli inapozungukia, na namba ya injini imegongwa kwenye injini yenyewe. Zote mbili zinalinganishwa na kadi ya usajili ya TRA, tarakimu moja moja, kwa kidole. Zilikubaliana. Ila kadi ilikuwa bado na jina la mwenye chombo aliyetangulia, ambaye kwa bahati alikuwapo mjini na alikuwa tayari kutia sahihi. Hilo lilikuwa doa, lakini doa linalofutika. Kama mwenye jina angekuwa hajulikani alipo, ukaguzi ungeishia hapo.

Kisha tukaiwasha. Iliwaka mara ya tatu, jambo ambalo si baya kwa injini yenye kabureta nne ikiwa baridi. Mara nikasikia mlio wa kugongagonga upande wa cheni ya taimingi, mfano wa njugu kwenye kopo. Baada ya dakika chache injini ilipopata moto, mlio ukapungua. Hicho ndicho kilichokuwa kimefichwa jana yake, kwa kujua au kwa kutokujua. Kikaza cheni kilikuwa kimechoka. Ni kifaa kidogo, lakini kikipuuzwa cheni inaweza kuruka meno, valvu zikagongana na pistoni, na injini nzima ikawa chuma chakavu.

Moshi haukuwapo. Moshi wa bluu ni oili inayoungua, mweusi ni petroli iliyozidi, na mweupe usiokoma hata injini ikiwa ya moto ni maji yanayoingia ndani ya silinda. Hapa hapakuwa na hata mmoja, nikafurahi.

Nikachukua mita ya umeme. Injini ikiwa imezimwa betri ilisoma volti 12.4. Tukaiwasha, tukapandisha mizunguko hadi 5,000, nikategemea kuona 13.5 au zaidi. Mita ikasoma 12.8 tu. Maana yake betri ilikuwa haichajiwi sawasawa, na baada ya kupima waya nilishuku kile kifaa cha kurekebisha umeme ambacho mafundi hukiita rektifaya.

Nikamulika ndani ya tangi kwa tochi. Lilikuwa safi, halina kutu. Nikashika cheni nyuma kabisa ya sproketi na kuivuta. Ikaachana na meno kiasi cha nusu ya jino, kwa hiyo cheni na sproketi zake zilikuwa zimekwisha. Shokapu ya mbele kushoto ilikuwa na pete ya oili, sili imechoka. Mafuta ya breki yalikuwa meusi kama chai ya rangi iliyokolea. Nanyi wanafunzi mnaosoma kemia mlijue hili: mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewani, na yakishapata maji huchemka upesi. Yakichemka hutoa mvuke, na mvuke hubonyea. Dereva hukamata breki kwa mara ya kumi akishuka mlima, mkono ukaenda hadi mwisho, na chombo kisisimame. Ndiyo maana hubadilishwa kila baada ya miaka miwili hata kama chombo hakikutembea.

Ncha ya hendeli ya kulia ilikuwa imekwaruzwa, na kava la injini upande huo pia. Nikaangalia kizuizi cha usukani kwenye fremu. Hakikuwa kimepinda wala kubonyea. Tukapima magurudumu kwa kamba. Yalikuwa kwenye mstari mmoja. Nikahitimisha kwamba ilianguka ikiwa imesimama au ikienda polepole. Haikuwa imegonga kitu.

Yakabaki matairi. Kijana alikuwa ameyasifu tangu jana, maana kashata zake zilikuwa nzima. Nikamwonyesha tarakimu nne zilizoandikwa ubavuni ndani ya kiduara chenye umbo la yai. Zilisomeka 1109. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka: wiki ya 11 ya mwaka 2009. Nikamwambia abonyeze mpira kwa ukucha. Ukucha haukuingia. Matairi yale yalikuwa nje mazuri lakini yamekauka, na tairi lililokauka halishiki lami, hasa mvua ya kwanza inapoosha vumbi na oili za barabarani.

Mwisho niliiendesha mwenyewe mtaa mmoja. Gia ya pili haikuruka, klachi haikuteleza, usukani haukutikisika. Tulipomaliza, nilimweleza kijana mbele ya muuzaji kwamba pikipiki haikuwa mbovu. Ilikuwa ya kawaida kwa umri wake.

HESABU

Tukaenda kukaa chini ya mwembe, nikampa karatasi na kalamu aandike mwenyewe. Bei zilizokuwapo sokoni wakati ule ndizo tulizoweka:

Matairi mawili, shilingi 850,000.
Cheni na sproketi, 380,000.
Pedi za breki, mafuta yake na mipira yake, 220,000.
Kusafisha kabureta na kuweka plagi mpya, 200,000.
Rektifaya, 190,000.
Kikaza cheni ya taimingi, 160,000.
Sili za shokapu na oili yake, 150,000.

Jumla ikawa shilingi 2,150,000. Chini yake nikamwambia aandike kofia ngumu, koti la kuendeshea, glavu na viatu vinavyofunika kifundo, shilingi 1,200,000. Ukijumlisha na bei ya kununulia unapata shilingi 9,850,000, kabla ya gharama za kubadilisha jina na bima. Yeye alikuwa na 7,200,000.

Aliitazama karatasi kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Baba mdogo, naweza kuanza nayo hivyo hivyo. Rektifaya na kikaza cheni nitafunga sasa. Matairi na breki nitashughulikia mwezi wa tatu."

Ndugu Mwenyekiti, hapo ndipo penye kiini cha hotuba yangu, na ningependa vijana wanisikilize vizuri. Katika miaka yote niliyofanya kazi gerejini nimeona desturi moja isiyobadilika. Ubovu unaokizuia chombo kwenda hutengenezwa siku hiyo hiyo. Ubovu unaokizuia chombo kusimama huahirishwa. Betri ikifa, mwenyewe atakopa hata kwa jirani, kwa kuwa pikipiki haiwaki. Lakini pikipiki yenye matairi ya mwaka 2009 na mafuta ya breki yaliyooza huwaka kila asubuhi bila manung'uniko. Humpeleka kazini Jumatatu, humpeleka Jumanne. Kila siku inayopita salama humfundisha mwenyewe kwamba matairi yanaweza kungoja kidogo. Kijana wetu, bila kuambiwa na mtu, alikuwa amekwisha ipanga orodha yake kwa desturi hiyo hiyo: rektifaya kwanza, breki baadaye.

Nilimwonyesha hivyo, naye akaliona. Tukakubaliana kanuni: fedha ya kununulia, fedha ya matengenezo na fedha ya mavazi ziwe mkononi siku moja, kabla ya kulipa hata senti. Basi tukatoa gharama zote kwenye akiba yake. Zikabaki shilingi 3,850,000, na hiyo ndiyo bei aliyoweza kuitoa kwa haki.

Akarudi kwa muuzaji akamtajia bei hiyo, na akamwonyesha karatasi. Muuzaji hakukasirika. Alishuka hadi 5,800,000, akasema chini ya hapo hawezi. Kijana akamshukuru, wakapeana mikono, tukaondoka. Njiani hatukusemezana mpaka tulipokaribia kituo cha basi. Hapo akaniuliza kama ningemruhusu iwapo fedha zingetosha. Nikamjibu kwamba ningeiendesha mwenyewe hadi gerejini na kuanza kufungua magurudumu siku ile ile.

Mama yake naye aliniuliza kama nimemkataza. Nilimwambia kweli kwamba sikumkataza. Hakupendezwa sana na jibu hilo, na simlaumu. Kijana bado anaweka akiba. Kwa sasa anatumia pikipiki ya cc 150. Kofia ngumu ameshainunua tayari, na ameiweka juu ya kabati sebuleni, ambako mama yake huiona kila siku.

DEREVA MWENYEWE

Hadi hapa nimesema juu ya chombo. Lakini hata chombo kikikamilika, lipo swali la dereva, na hili ni lenu hasa mnaosoma hapa, maana mna kalamu na mnaweza kulipigia hesabu.

Mtu anayekwenda kilometa 50 kwa saa hupita karibu meta 14 kila sekunde. Tuseme mbuzi amekatiza barabara, na dereva anahitaji sekunde moja na nusu ili aone, aamue na akamate breki. Katika muda huo amekwisha kwenda meta 21, na breki haijaanza kazi. Akiwa katika kilometa 100 kwa saa, huwa amekwenda meta 42. Kisha huja kusimama kwenyewe. Mwalimu wenu wa fizikia atawaambia kwamba nishati ya mwendo hukua kwa kipeo cha pili cha kasi: kasi ikiwa mara mbili, nishati ni mara nne. Hivyo breki zile zile, lami ile ile na matairi yale yale huhitaji umbali mara nne ili kusimamisha chombo. Sheria hiyo haimjali mtu jasiri wala mtu hodari.

Kuhusu kofia ngumu, mapitio ya tafiti za nchi mbalimbali yaliyochapishwa na Cochrane mwaka 2008 yalionyesha kwamba kofia hupunguza hatari ya kufa katika ajali ya pikipiki kwa asilimia 42 hivi, na hatari ya kuumia kichwa kwa asilimia 69 hivi. Lakini ni lazima ikae sawasawa na ifungwe mkanda. Kofia iliyowekwa kichwani bila kufungwa huondoka kabla kichwa hakijafika chini. Wala msinunue kofia iliyotumika na mtu msiyemjua, kwa sababu kofia iliyokwisha kupokea pigo moja inaweza kuonekana nzima kwa nje, kumbe ule utando wa ndani umekwisha kazi yake.

Na leseni nayo. Leseni ya daraja A1 haiwahusu wenye pikipiki ya cc 600. Hao wanahitaji daraja A. Bima nyingi hukataa kulipa dereva akiwa hana leseni ya chombo alichokuwa anaendesha, na hapo hasara huwaangukia ndugu.

NANI ANUNUE

Sasa nitoe jibu nililoahidi. Anaweza kununua pikipiki kuukuu ya mbio mtu ambaye ameendesha pikipiki ndogo kwa miaka miwili au mitatu bila kutegemea bahati. Ambaye ana chombo kingine au njia nyingine ya kwenda kazini, kwa kuwa pikipiki ya umri huo italala gerejini ikisubiri kipuri. Ambaye amempata fundi anayeweza kumwonyesha kazi aliyoifanya. Na ambaye fedha zake tatu, nilizozitaja, ziko mkononi kwa siku moja. Mtu huyo nampa heri. Atapata chombo kilichoundwa kwa akili kubwa, na Jumapili alfajiri, barabara ikiwa tupu, atafurahi sana.

Asubiri yule anayenunua kwa mkopo. Asubiri yule ambaye fedha zake ni ada ya mdogo wake. Asubiri yule ambaye hajawahi kuendesha hata bodaboda na anataka kuanzia kwenye farasi 100. Na asubiri yule anayeharakishwa na muuzaji kwa kuambiwa kwamba mteja mwingine yuko njiani. Pikipiki za namna hii zipo, na zitakuwapo mwezi ujao. Kama mteja mwingine anakuja kweli, na aje.

Nanyi wazazi wenzangu mlioko hapa, nina ombi moja. Kijana akija na jambo hili, msikimbilie kukataza kabla hamjamkalisha na karatasi. Anayekatazwa bila hesabu hununua kwa siri, na anayenunua kwa siri hana wa kumkagulia matairi.

Ndugu Mwenyekiti, nimeandika orodha ya ukaguzi katika ukurasa mmoja, kuanzia namba ya fremu hadi tarakimu za tairi, na nimemwachia Katibu nakala za kutosha. Nyingine itabandikwa kwenye ubao wa matangazo karibu na maktaba. Mwanachama ye yote, au kijana ye yote aliyemaliza hapa, anayetaka kununua, na aje tufuatane. Sitamdai malipo ya ukaguzi. Nitakachomwomba ni nauli, na kwamba tufike kwa muuzaji asubuhi, kabla injini haijaguswa.